Mbao ya chini ya kenchi imepandishwa juu, ukuta umeanza kufunguka

Mkwaju_77

Wakuu, salamu. Naomba msaada kwa hili kabla masika hayajaanza.

Jengo ni banda la mgahawa, nje kidogo ya Morogoro. Upana ni mita 5 kutoka kati ya ukuta hadi kati ya ukuta, urefu mita 8, ndani ni ukumbi mmoja usio na ukuta wa katikati. Kuta ni za tofali za saruji za inchi 6. Lenta (mkanda wa zege) iko juu ya milango na madirisha, juu yake kozi, yaani safu, tatu za tofali, kisha mbao ya 2x4 imelazwa kichwani mwa ukuta. Paa ni la pande mbili, na kimo kutoka juu ya ukuta hadi mgongoni ni mita 1.25. Kuta mbili za mwisho zimejengwa hadi juu kwa pembetatu. Katikati kuna kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) 6 za 2x4 za paini, zimeachana mita 1.15 hivi. Papi (mbao zinazopigiliwa bati) ni 2x2, bati geji 30.

Ili ukumbi uonekane mrefu, mbao ya chini ya kenchi haikuwekwa usawa wa ukuta. Ilipandishwa hadi theluthi mbili ya kimo, kama sentimita 83 juu ya ukuta, ikapigwa misumari mitatu ya inchi 4 kila upande. Miezi saba imepita. Mgongo umeshuka sentimita 3 katikati (tumepima kwa kamba), na kuna ufa wa kulala kati ya lenta na kozi ya kwanza, kuta zote mbili ndefu, unaonekana upande wa ndani. Timazi inaonyesha kichwa cha ukuta kimetoka nje milimita 12 katikati ya jengo. Kwenye kona hakuna kilichosogea.

Aliyepaua anasema ni mbao kukauka tu, tuzibe ufa kwa plasta. Je, ni kweli? Na kama si kweli, inawezekana kurekebisha bila kuvua bati, na ukumbi ukabaki wazi bila dari ya bapa?

Hesabu_Kwanza

Mkuu, si kukauka. Paini ikikauka hupungua upana na unene. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kusogeza ukuta. Dalili ulizotaja ni za paa linalopanua miguu. Ufa unafunguka ndani kwa sababu ukuta unapinduka ukiegemea ukingo wake wa nje, na kona zimetulia kwa sababu kuta za pembetatu zinazishika. Msizibe. Plasta itaficha kipimo chenu pekee.

Twende kwenye namba. Chukua kilo 50 kwa kila mita ya mraba ya sakafu: bati na mbao ni kama 20, zinazobaki ni za fundi anayepanda na vitu vidogo vya kutundika. Kila kenchi inabeba 50 × 5 × 1.15, yaani kama kilo 290, tuseme 300. Msukumo wa nje kwenye kila mguu, kama hakuna kinachoufunga, ni uzito mara upana, gawanya kwa mara nane ya kimo: 300 × 5 ÷ (8 × 1.25) = kilo 150. Paa likilala zaidi msukumo unakua. Paa hilohilo kwa nyuzi 15 lingekuwa na kimo cha sentimita 67 tu, na msukumo ungefika kilo 280. Ndiyo maana paa la kulala lisilo na mbao ya chini ni hatari kuliko la mwinuko.

Mbao ya chini ya kenchi kazi yake ni kuvutwa. Ikiwa chini kabisa, inavutwa kwa kilo 150. Ukiipandisha hadi theluthi moja ya kimo inavutwa kwa 225, nusu 300, theluthi mbili kama yenu 450. Msumari mmoja wa inchi 4 kwenye paini unahesabiwa salama kwa kilo 35 hadi 40. Mitatu inatoa kama 110. Mnaona pengo.

Na hata mngepiga misumari kumi na mbili, bado kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitazami: mbao ya mteremko inapinda chini ya ile mbao iliyopandishwa. Kutoka ukutani hadi hapo kuna mita 1.67 kwa usawa, na mkunjo unaotokea ni kama kilo-mita 167 paa likibeba uzito wote. Mbao ya 2x4 yenye kipimo kamili inavumilia kama 56. Ni mara tatu ya uwezo wake. Miguu inapinda kwenda nje, mgongo unashuka, ukuta unafuata.

Hapo tumeichukulia 2x4 kuwa inchi 2 kwa inchi 4 kweli. Pimeni zenu. Ikiwa ni 1¾ kwa 3½, nguvu yake ya kukunjwa ni theluthi mbili tu ya kamili, kwa sababu kina kinahesabiwa kwa mraba wake.

Kuhusu ukuta: kozi tatu juu ya lenta zina kimo cha sentimita 72 hivi, na kipande cha upana wa mita 1.15 kina uzito kama kilo 260. Kwa uzito wa paa lenyewe tu, bila mtu juu, msukumo ni karibu kilo 57. Mara 0.72 ni kilo-mita 41 za kupindua. Zinazoshikilia, yaani uzito wa tofali na wa paa mara nusu ya unene wa ukuta, ni kama 24. Ukuta umesimama hadi leo kwa sababu ya mshiko wa saruji na ule msaada mdogo wa mbao ya juu. Lenta ingekuwa kichwani mwa ukuta, ikizunguka jengo lote, hali isingefika hapa haraka hivi. Lenta iliyo chini ya kozi tatu haizishiki kozi hizo.

Randa_na_Msumeno

Nakubaliana na mkuu hapo juu, naongeza upande wa useremala.

Kwanza tegemezeni leo, kabla ya mjadala wowote. Lazeni mbao ya 2x6 chini ya mgongo, simamisheni mirunda chini yake kila mita 1.2, na kila mrunda ukalie kipande cha mbao pana ili usitoboe sakafu. Mrunda ukazwe kwa kabari mbili zinazopishana, si kwa kugongwa nyundo ukiwa umeinama. Msipandishe chochote, zuieni tu kushuka zaidi.

Njia rahisi ya kudumu ni kurudisha mbao ya chini mahali pake. Kuta zenu zikihesabiwa na lenta zina karibu mita 3, kwa hiyo mbao iliyo usawa wa kichwa cha ukuta haimgusi mtu. Dari mnaweza kuipigilia chini ya mbao za mteremko na kuziacha hizo za kulala zionekane. Zikipigwa randa na kupakwa vanishi zinapendeza.

Mbao ya mita 5.2 haipatikani kwa urahisi, nyingi sokoni ni futi 12 au 14, kwa hiyo itakuwa na kiungo. Kiungo kinaharibiwa na wengi: wanapishanisha mbao mbili sentimita 20 na kupiga misumari minne kwenye mstari mmoja, mbao inapasuka kufuata nyuzi zake. Fanyeni hivi: vichwa vigusane, kisha vipande viwili vya 1x4 vya sentimita 80, kimoja kila upande, misumari minane kila nusu ya kiungo, ikipishana kwa safu mbili, umbali usiopungua sentimita 8 kutoka kichwa cha mbao. Tumieni msumari wa inchi 5 na mkunje ncha inayotokeza. Kiungo kikae karibu na nguzo ya kati ya kenchi, kisikae katikati ya nafasi tupu.

Kwenye mguu, pale mbao ya chini inapokutana na ya mteremko, wekeni bolti mbili za milimita 12 zenye washa pana, 50 kwa 50, halafu misumari minne ya kuzuia kuzunguka. Toboeni kwa keekee ya 12 hasa. Tundu likiwa la 14, kenchi itasogea kwanza ndipo bolti ianze kazi, na huo msogeo ndio ufa.

Na nguzo ya kati, ile inayoshuka kutoka mgongoni: watu wanaiita nguzo lakini haisimami juu ya kitu, inaning'inia. Inavuta mbao ya chini isilegee. Kwa hiyo kiungo chake cha chini kinahitaji ubao wa pande zote mbili, si misumari miwili ya kuchomeka kwa mshazari. Mbao mbili za mshazari zinaanzia chini ya nguzo hiyo na kwenda katikati ya mbao za mteremko. Zikigeuzwa, zikaanzia juu ya nguzo kwenda katikati ya mbao ya chini, haziitegemezi tena mbao ya mteremko pale inapopinda.

Mkwaju_77

Asanteni sana. Tumepima mbao: ni 1¾ kwa 3¾. Mirunda inasimamishwa kesho asubuhi.

Mwenye eneo anasisitiza mbao zisikatize ukumbi. Ila nguzo moja katikati anaikubali. Je, nguzo hiyo inaweza kuondoa msukumo? Na nimesikia kuna kufunga kwa chuma badala ya mbao.

Hesabu_Kwanza

Nguzo peke yake haitoshi, inataka boriti ya mgongo juu yake. Mgongo usiposhuka, miguu haina sababu ya kufunguka. Lakini tusichanganye vitu viwili: ule ubao mwembamba wa 1x6 ambao mbao za mteremko hupigiliwa kileleni ni wa kupangia mstari tu, haubebi chochote. Boriti ya mgongo inakaa chini ya mbao za mteremko, na inabeba nusu ya paa lote.

Kwenu ni kilo 50 × 2.5 = kilo 125 kwa kila mita ya boriti. Mkiweka nguzo katikati, kila nafasi ni mita 4, na mkunjo ni 125 × 4 × 4 ÷ 8 = kilo-mita 250. Ubao mmoja wa 2x8 unazidiwa kidogo. Mbili zilizofungwa pamoja zinatosha vizuri, na zitalegea kama sentimita 1 tu kwa uzito kamili. Agizeni vipande vinne vya 2x8 vya futi 14. Futi 14 ni mita 4.27, hivyo kiungo kinaangukia juu ya nguzo, mahali pekee kinaporuhusiwa. Zifungeni kwa bolti za milimita 12 kila sentimita 60, zikipishana juu na chini.

Nguzo itapokea kama kilo 500. Bomba la chuma la inchi 3 linatosha, likiwa na bapa la milimita 6 juu na chini. Msilisimamishe juu ya sakafu, litaipasua. Kateni sakafu, chimbeni sentimita 60, mwageni zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) la sentimita 60 × 60 × 20. Kwenye kuta za pembetatu kila ncha inaleta kilo 250. Tofali yenye tundu ndani itavunjika, kwa hiyo toeni tofali moja na kumimina kitako cha zege, na boriti ikalie angalau sentimita 15 za ukuta.

Chuma cha kuvuta kinafaa pia. Chuma laini cha duara cha milimita 12 kinabeba zaidi ya tani moja salama, nanyi mnahitaji kilo 150. Udhaifu uko kwenye ncha, si kwenye chuma chenyewe: kinatakiwa kishike kipande cha pembe cha chuma kilichofungwa kwenye mguu wa mbao ya mteremko kwa bolti mbili. Msichonge nyuzi za nati kwenye nondo yenye mistari iliyotuna, hazishiki vizuri.

Kusi_na_Kaskazi

Natoka Mombasa, na hilo la chuma lina upande mmoja ambao halijasemwa: upepo. Mabati geji 30 na mbao nyepesi ni kilo 20 tu kwa mita ya mraba. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una shinikizo la kama kilo 56 kwa mita ya mraba, na upande usiokabili upepo sehemu kubwa yake inavuta juu. Mgahawa una milango mipana, upepo ukiingia ndani unasukuma paa kutoka chini pia. Paa linataka kuondoka.

Wakati huo msukumo unageuka: miguu inavutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Chuma cha milimita 12 hakiwezi kusukumwa, kinalegea kama kamba. Kwa hiyo mkichagua chuma, angalau kenchi mbili kati ya sita ziwe na mbao ya chini kamili pamoja na nguzo ya kati, na zile mbao zilizopandishwa msizitoe, zitasaidia.

Hata boriti ya mgongo haizuii paa kung'oka. Mbao iliyolazwa juu ya ukuta wenu imefungwa na nini? Kama ni misumari kwenye saruji ya kichwa cha ukuta, hesabuni kuwa haijafungwa. Hesabu ya kila mguu wa kenchi inafika kilo 150 za kung'olewa. Tumieni utepe wa chuma wa milimita 30 kwa 1.5, upite juu ya mbao ya mteremko, ushuke ukutani kwa ndani, uvuke kozi tatu zote na ufungwe kwenye lenta kwa bolti mbili za kupanuka za milimita 10. Ukiishia kwenye tofali ya juu, upepo utaondoka na paa pamoja na tofali.

Pia, kuna mbao za mshazari kwenye mteremko, kutoka kona ya ukuta hadi mgongoni, upande wa chini wa mbao za mteremko? Bila hizo kenchi zinaweza kulala zote upande mmoja. Mbili kila upande wa paa, 2x3, misumari miwili kila zinapokutana na mbao ya mteremko.

Mkwaju_77

Hakuna hata moja, na mbao ya juu ya ukuta imepigiliwa misumari tu. Tumeamua boriti ya mgongo na nguzo, pamoja na tepe. Je, kabla ya kuweka boriti tuurudishe mgongo juu zile sentimita 3? Na zile milimita 12 za ukuta zinarudi?

Randa_na_Msumeno

Mgongo unarudi, ukuta haurudi, na msiuvute. Tofali zilizokwisha kupinduka zikivutwa kwa nguvu zinapasuka mahali papya. Milimita 12 kwenye ukuta wa milimita 150 inavumilika mradi kinachosukuma kimeondolewa. Ingekuwa imepita inchi moja, au ufa unaingia bapa la kisu hadi upande wa pili, ningesema vueni paa, bomoeni kozi tatu na mwageni lenta ya juu yenye nondo nne za 12 na ringi kila sentimita 20.

Kupandisha: vueni kofia (bati la mgongoni) yote kwanza. Wanaoiacha wanaikuta imekunjamana, na misumari imepanua matundu ya bati yatakayovuja. Kisha legezeni zile mbao zilizopandishwa, ng'oeni misumari upande mmoja, maana zimejifunga katika umbo baya na zitazuia mgongo usipande. Tumieni jeki mbili za tani 5 chini ya 2x6 ya mirunda. Pandisheni milimita 5, kazeni kabari za mirunda yote, hamieni jeki inayofuata. Mzunguko mmoja asubuhi, mmoja jioni. Sentimita 3 ni siku tatu. Mkisikia mlio wa kupasuka, simameni na tafuteni msumari uliobana kabla ya kuendelea.

Ongezeni milimita 5 juu ya mstari wa kamba, boriti itazila ikipokea uzito.

Boriti ikishaingia, mbao ya mteremko iikalie kwa kibao cha pembe kilichochongwa, si kwa ukingo mkali. Msichonge mbao yenyewe zaidi ya robo ya kina chake. Zile mbao za juu zirudisheni kwa misumari mitano kila upande, au bolti moja na misumari miwili. Kila mahali mlipokata mbao iliyotiwa dawa, pakeni dawa ya kuni mara mbili kwa brashi. Ile rangi ya kijani haiingii hadi moyoni mwa mbao, na mchwa huanzia kwenye mkato.

Na 2x8 mkiinunua mbichi, ikae wiki tatu kivulini ikiwa imepangwa na vipande katikati, imegandamizwa juu. Ikifungwa mbichi, bolti zitakuwa zimelegea ikishakauka. Rudini na spana baada ya miezi mitatu.

Hesabu_Kwanza

Naongeza moja kabla hamjaondoa mirunda. Ziacheni nyufa wazi. Pigeni alama mbili za penseli kila upande wa ufa, sehemu nne kwa kila ukuta, andikeni umbali kwa milimita na tarehe pembeni. Mirunda iondolewe kuanzia katikati kwenda pembeni, kabari zikilegezwa kidogo kidogo. Pimeni siku hiyo, baada ya wiki, na baada ya mvua kubwa ya kwanza. Namba zikibaki palepale ndani ya milimita 1, safisheni ufa, jazeni mota ya 1:4 iliyosukumwa ndani kabisa, ndipo mpige plasta. Zikisogea, rudisheni mirunda siku hiyohiyo na mtazame kwanza vitako vya boriti kwenye pembetatu.